Kalamu Isiyoandika

Dodoso lilikuja Jumatatu, kurasa tatu, pini moja.
Tukalijaza na njaa zetu, viazi karai vya Mama Mbeyu
vikituita kutoka nje ya lango.
Swali la sita: mvuke wa sigara ya umeme ni maji matupu.
Kweli. Si kweli. Sijui.
Nikazungushia Sijui, kisha nikaifuta,
maana muuguzi wa mwaka wa pili hasemi hajui;
husema "tutaangalia", akashika kiwiko cha mkono wako,
akatazama saa.

Umazi aliyapata yote.
Umazi huyapata yote: nikotini na njia zake,
sekunde inazokula kutoka pafuni hadi ubongoni,
presha ipandavyo, mishipa ijikazavyo,
akaongeza na maelezo pembeni kwa wino mwekundu
kana kwamba yeye ndiye anayesahihisha.
Usiku, bwenini kwetu Barani, nikanusa embe.
Embe dodo, bivu, la kunata vidoleni,
na miembe yote ya Malindi wakati huo ni majani tu.
Nikamkuta kwenye karo la kufulia, amejiinamia,
kijitaa cha buluu kikipumua kiganjani mwake.
"Lakini wewe unajua," nikamwambia.
"Najua. Ndiyo maana navutia dirishani."
Tukacheka mpaka matroni akagonga ukuta.

Wahenga walituachia moshi na moto, wakaenda zao.
Hawakusema lolote juu ya moshi wenye chaja.

Wadi ya wanaume, kitanda cha kumi na moja:
Bwanaheri wa Shela, hii Shela yetu, si ile ya Lamu,
miaka ishirini na sita, muuza vinyago,
Kiitaliano chake kimenyooka kuliko mwandiko wa daktari.
Pumu ilimleta usiku wa kuamkia Ijumaa,
kifua kikipiga zumari.
Nilipokuwa nikikaza ukanda wa barakoa, akaishusha kidogo.
"Sista. Sigara niliacha mwezi wa tatu.
Pakiti nzima kwa siku, nikaacha.
Sasa navuta hii yenu ya umeme.
Nimejiponya, au nimejidanganya?"

*Yenu*, alisema.

Ningempa jibu la Umazi, pamoja na wino wake.
Ningempa uso wa Bi Nyevu, mkufunzi wetu,
uso wa aliyemwona mtu akikojoa kisimani.
Lakini mtu huyu alikuwa ameacha pakiti nzima
na hapakuwa na aliyemwambia hata hongera.
Nikasema, "Sijui."
Kisha, polepole:
"Kwa kifua hiki chako, haifai. Hilo najua.
Kuliko sigara, sijui. Nitauliza."
Akarudisha barakoa, akafumba macho
kama mtu aliyelipwa nusu ya deni.

Nikauliza. Bi Nyevu akasema haimo kwenye silabasi.
Daktari akasema, mwambie aache.
Nikauliza, aacheje?
Alikuwa ameshafika kitanda cha kumi na tatu.
Umazi, gizani, alinyamaza muda mrefu,
nikadhani kalala.
"Ukipata jibu," akasema, "niamshe."

Jumatatu iliyofuata kitanda kilikuwa na shuka jipya
na mzee wa henia asiyependa kuulizwa maswali.
Tsofa, mfagiaji, alikuwa ameokota kitu uvunguni:
chembamba, rangi ya fedha, kinanukia mnanaa.
"Mgonjwa wako kasahau kalamu."
Nikafungua daftari la mali za wagonjwa.
Tarehe, namba ya kitanda, jina.
Nikaandika, kwa mwandiko wangu wa mtihani:
kalamu moja.
Tsofa akingoja, ndoo mkononi.
Nikaongeza: haiandiki.
Nikatia sahihi.

Mpaka leo hajaja kuichukua,
na sijui hiyo ni dalili ya nini.